Mhariri, fungieni nanga kwanza, ndoana baadae

Mhariri, assalaam alaykum. Mie si mtu wa kuandika barua za gazetini, hii ndio ya kwanza, na mkiiona ndefu kateni mtakapo ila kipande cha nanga za maboti zinazovunja mwamba wetu msikiguse mana ndicho kilichonifanya nikae chini niandike. Ni mvuvi wa madema, ile mitego ya samaki, na mshipi huku Pemba upande wa magharibi, nimeanza kwenda baharini na marehemu babangu hata skuli sijamaliza, na msimu wa wageni nachukuliwa ubaharia kwenye maboti ya kupeleka watu kisiwa cha Misali, kwa hiyo mguu mmoja uko kwenye uvuvi na mmoja uko kwenye utalii. Asije mtu akasema huyu ana chuki na wageni, wageni wananilisha miezi minne ya mwaka.

Dadangu kaolewa na Mngazija, anaishi Marseille, Ufaransa, mji ambao ukiingia baadhi ya mitaa utadhani uko Moroni huko Komoro mana Wangazija wamejaa tele. Mwaka jana alijifungua akang'ang'ania niende nikamuone mwanawe, tiketi akatoa yeye, nikaenda mwezi wa saba. Siku za mwanzo nilikaa ndani nakula na kulala, wiki ya pili shemeji akachoka na mie, kila jioni nilikuwa namuuliza hapa mnavua nini, wavu gani, bei ya samaki kilo ngapi, na yeye kazi yake ni fundi umeme hajui changu wala tasi. Akaniambia basi Jumamosi ntakupeleka kisiwa kimoja ukaulize huko huko.

Kisiwa chenyewe kinaitwa Port-Cros. Unapanda boti mji unaitwa Hyères, mwendo kama wa saa moja, na hapo hapo kwenye boti unapewa masharti. Kupiga kambi hakuna. Baskeli hakuna. Mbwa haruhusiwi njia za msituni. Kuvuta sigara marufuku kisiwa kizima isipokuwa pale kijijini bandarini, mana msitu wao ni wa misonobari na kiangazi unakauka kama kumbi, cheche moja tu kisiwa chote kinakwenda, na siku upepo wao wa kaskazini ukivuma kwa nguvu hata njia za msituni zinafungwa watu wabaki bandarini. Shemeji yangu mvutaji mkubwa, tulitembea saa mbili milimani akawa kama mtu anayefunga siku ya kwanza ya Ramadhani, tuliporudi kijijini hakuniangalia mara mbili, kaenda kona na kibiriti chake.

Sasa historia yake ndio ilonishika. Kisiwa kilikuwa mali ya watu binafsi, Marcel Henry na mkewe Marceline, na walikikabidhi sehemu kubwa kwa serikali kwa sharti kibaki kama kilivyo, pasijengwe wala pasivurugwe. Kwa lugha yetu ungesema wameweka wakfu. Serikali ikakitangaza hifadhi ya taifa Disemba 14, 1963, haijatimia mwezi kabla ya Mapinduzi yetu, na haikutangaza nchi kavu peke yake, ilichukua na bahari inayokizunguka mita 600 kutoka ufukweni. Wanasema ndio hifadhi ya bahari ya mwanzo Ulaya. Mwaka 1963 huo, sie huku nani alikuwa anawaza kuwa bahari inaweza kwisha?

Kuna fukwe moja pale inaitwa La Palud, wameweka njia ya chini ya maji, yaani maboya yamepangwa na chini yake vibao vyenye maelezo, unavaa miwani unaogelea boya moja hadi jengine unasoma. Mie vibao sikuvisoma, Kifaransa sijui, nikaenda zangu kwenye mawe. Na hapo nikamuona chewa. Si mkubwa sana, kama futi mbili hivi, rangi ya kahawia na madoa meupe meupe. Kwetu chewa akiona kivuli cha mtu keshaingia pangoni unabakia unaona vumbi tu. Yule hakukimbia. Katulia mbele ya jiwe lake ananitizama, mashavu yanakwenda yanarudi, mie nikasogea naye kasogea, nikawa sijui nani anamuangalia nani. Nimevua miaka ishirini na kitu, samaki wa namna ile akiwa hai sijawahi kumkaribia hivyo.

Shemeji alinitafsiria kwenye simu tulipokaa kula. Chewa wale walikuwa wanakaribia kwisha pwani ile yote kwa ajili ya watu wa bunduki za kuzamia, mana chewa ana tabia anakaa pango lake miaka nenda miaka rudi, ukishalijua pango ushampata. Mwaka 1993 Ufaransa ikapiga marufuku kumpiga chewa kwa bunduki pwani yake ya bara ya Mediterania. Pale Port-Cros ambapo walikuwa washaanza kumlinda mapema, kutoka wachache wa kuhesabika leo wapo mamia. Na kuna jambo wazamiaji wetu wengi hawalijui na mie mwenyewe nlikuwa silijui: chewa huyo huanza maisha yake jike, akishakua mkubwa ndio anageuka dume. Kwa hiyo ukimchagua yule mkubwa kuliko wote pangoni, na nani hamchagui yule, umewatoa madume wote kwenye mwamba na yale majike madogo yanabaki na mayai yao hakuna wa kuyarutubisha.

Haya, sasa nakuja kwenye nanga.

Tulipopanda mlimani upande wa magharibi unaona chini mkondo kati ya Port-Cros na kisiwa kidogo kinaitwa Bagaud. Hicho kidogo kimefungwa kabisa, mtu haruhusiwi kukanyaga. Kwenye ule mkondo yalikuwepo maboti ya matanga na mayoti mengi, mengine ya matajiri khasa, na yote yamekaa kwa mpangilio kama magari kwenye maegesho. Nikamuuliza shemeji mbona yote yameelekea pamoja na yana nafasi sawa sawa? Akauliza mtu. Kumbe hakuna hata moja lililotupa nanga, yote yamefungwa kwenye maboya ya hifadhi, unaweka oda, unalipia ukitaka kulala, ukikosa boya unageuza unakwenda zako hata uwe na yoti ya dola milioni kumi.

Sababu ni majani. Chini ya bahari ile kuna majani marefu kama ukili yanaitwa posidonia, na aina hiyo haipatikani bahari nyengine yoyote duniani ila hiyo Mediterania, samaki wanazalia humo, na mizizi yake inashika mchanga usiondoke. Lakini yanaenea sentimita chache tu kwa mwaka. Nanga ikishuka inang'oa, boti ikizunguka na upepo ule mnyororo unafyeka duara zima, na sehemu ilofyekwa inaweza kukaa uchi umri wa mtu mzima. Mwaka 1984 huko Monaco ukaonekana mwani wa kigeni, kaulepa, wa kufugwa kwenye matangi ya samaki, ukatoroka ukaanza kusambaa pwani yote na kuyafunika hayo majani, na mmoja katika wasambazaji wake wakubwa ni nanga hizo hizo, inanasa kipande bandari hii inakidondosha bandari ile. Port-Cros ilibidi wapeleke wazamiaji mwaka baada ya mwaka kuutafuta na kuung'oa kwa mkono.

Na maboya yenyewe si yale ya kwetu ya jiwe na kamba. Chini wanakaza skurubu kubwa ya chuma kwenye udongo wa mizizi, halafu kamba inapanda na katikati yake kuna kiboya kidogo kinachoining'iniza juu, kwa hiyo hata ikilegea hailali chini ikafagia. Nliangalia picha yake mpaka nikaichora nyuma ya risiti ya mkahawa, ninayo mpaka leo. Mwaka 2019 wakaongeza tena, pwani yao ya Mediterania chombo cha mita 24 kwenda juu hakiruhusiwi kutupa nanga kwenye majani hayo popote, si hifadhini tu.

Sasa sikiliza hii mhariri. Wavuvi wadogo wapo. Ndani ya hifadhi. Nlidhani ntaambiwa walifukuzwa zamani, kumbe hapana, juya la kukokota na injini ndio marufuku, bunduki ya kuzamia marufuku, kuna sehemu zimefungwa kwa kila mtu, lakini yule mvuvi wa mashua ndogo mwenye wavu wake anavua kwa mkataba aliotia saini na hifadhi, na anaripoti kapata nini. Yaani mtu wa pale kabakia na bahari yake, na tajiri wa yoti ndio kaambiwa nanga yako weka ndani.

Kwetu imekuwa kinyume na ndio kinachoniuma.

Ntasema kisa bila kutaja mwamba wala boti wala mtu, mana sitaki ugomvi. Kijiji chetu kilikaa kikao, sheha yupo, kamati ya wavuvi ipo, kinamama wa kuchokoa pweza wapo, tukakubaliana tuufunge mwamba mmoja miezi mitatu pweza wakue. Hakuna alietulazimisha, tulishaona wenzetu wa Kisiwa Panza wamefanya. Na kwa wasiojua, miezi mitatu si maneno ya kwenye karatasi, mke wangu na mamangu walikuwa kila bamvua wanatizama maji yametoka mwamba umeachwa wazi, kijiti mkononi, na wanageuka kurudi. Pweza huyo ndio daftari la skuli na ndio sabuni. Mzee mmoja kaingia kwa siri akashikwa akatozwa faini, mzee wa watu, na aliilipa.

Wiki ya tisa hiyo ikaja boti ya watalii. Ilikuwa asubuhi mie niko kwenye mtumbwi natoa dema nje ya alama. Boti ikasimama juu ya mwamba wetu kabisa, pale kwenye matumbawe ya pembe ambayo maji yakiwa maangavu unayaona kama msitu, kijana akasimama gubetini akairusha nanga. Nikapiga makelele, injini inawaka hanisikii. Nikafika pale wageni washaingia majini na miwani yao. Nikamwambia nahodha, ndugu yangu hapa pamefungwa. Akanijibu kwa utulivu kabisa, "Pamefungwa kuvua, sie hatuvui." Mhariri, sikuwa na la kumjibu. Kweli hatukuandika nanga kwenye makubaliano yetu, nani angefikiria? Walipoondoka nikavaa miwani nikazama. Nanga ilikuwa imejikokota, nlihesabu hatua zangu za kuogelea, kama upana wa msikiti wetu wa mtaa, matumbawe yamelala mekundu na meupe pale yalipokatika, yale mapya ukiyavunja ndani ni meupe kama nazi. Na pango moja la pweza ambalo mamangu analijua tokea mie mdogo limefukiwa na kifusi. Sikumwambia wiki nzima.

Na hao hawakutozwa hata senti mana hawakuvunja sheria yoyote tuliyoiandika.

Mtu atasema mbona Misali ipo, tokea 1998 imehifadhiwa, mbona Mnemba ipo, mbona ghuba ya Menai ipo, na huku kwetu mkondo wote wa Pemba umetangazwa hifadhi mwaka 2005. Naam zipo na mie nazitetea. Misali wazee wanatuhadithia kuwa Nabii Khidhri alifika pale akataka mswala wa kusalia hakuupata, akasema basi kisiwa chenyewe kitakuwa mswala wangu, mana kimelala kuelekea kibla. Na mashekhe walikwenda kuwasemesha wavuvi kwa Qurani kuwa bahari ni amana, nakumbuka darsa moja nikiwa kijana, ilituingia kuliko semina yoyote ya posho na maji ya chupa. Upande mmoja wa kisiwa hauvuliwi, kwengine kunavuliwa kwa masharti, na dago letu, kambi ya wavuvi, likabakia. Hii ndio ile ile ya Port-Cros, mvuvi hakufukuzwa akaambiwa kavue mlimani.

Kisiwa cha Chumbe ndio mfano wa karibu zaidi kwa watu wa Unguja. Tokea 1994 mwamba wake umefungwa kuvuliwa, mnara wake wa taa wa 1904 bado unawaka, vibanda vya wageni ni saba tu, na walinzi wake wa mwanzo walitoka katika wavuvi wa vijiji vya jirani, hawana bunduki, kazi yao kuongea na mvuvi mwenzao. Hata kuzamia kwa mitungi mgeni haruhusiwi, anaelea juu na miwani basi. Huko wameelewa kuwa mgeni naye anaharibu. Na wale Wafaransa walipoona kisiwa cha jirani na Port-Cros, kinaitwa Porquerolles, kinaingia watu wengi kupita kiasi, kuanzia 2021 wakaweka kikomo, watu 6,000 kwa siku wakati wa kiangazi, boti zikishafikisha hesabu hazikati tiketi nyengine. Sisemi 6,000 ni wachache, kwetu hiyo ni sikukuu mbili pamoja, nasema wana hesabu. Mwamba wetu una hesabu gani ya maboti kwa siku?

Niruhusu niingize jengine kidogo ambalo si nanga. Kule ufukweni nlikuta majani yamekufa yamelundikana kama godoro, meusi, yananuka kidogo, na hakuna anaeyafagia. Nikasema hawa wavivu. Kumbe wanayaacha makusudi mana wimbi la msimu wa baridi likija linapiga kwenye hayo majani badala ya kula mchanga. Wallahi nilicheka peke yangu, mana mpwa wangu ameajiriwa hoteli moja Unguja, sitoitaja, kazi yake saa kumi na moja alfajiri kila siku ni kufagia majani ya bahari na kuyapakia kwenye toroli mgeni asiyaone na kahawa yake. Na hoteli hiyo hiyo kila mwaka inaongeza ukuta wa mawe mana bahari inawala. Sisemi zaidi.

Najua pia kuna jambo boya halilizuii. Mwaka 1998 matumbawe yetu yalipauka yakafa kwa joto la maji, mwaka uliofuata 1999 wao nao joto liliua viumbe wao wa kwenye miamba mpaka ndani ya hifadhi. Maji ya moto hayasomi kibao. Lakini ndio maana nasema, mwamba ulokwishapigwa na joto ukitaka kuamka tena usiongezewe chuma kichwani.

Nasikia tena kuna maneno ya kufunga sehemu nyengine za uvuvi, na mie si mtu wa kupinga, mwamba wetu tulipoufungua baada ya miezi mitatu pweza walitoka wakubwa mpaka mama mmoja kamuita mwanawe amsaidie kumbeba. Ninachoomba ni kuwa katika karatasi hiyo hiyo mtakayotuandikia marufuku ya wavu na ndoana, mstari wa kwanza uandikwe nanga. Chombo chochote, cha mvuvi, cha mgeni, cha serikali. Na kabla ya marufuku yawekwe maboya, mana boti lazima lisimame pahala, ukimwambia nahodha usitupe nanga na hukumpa pa kufunga anakuona unacheza. Ada ya kuingia hifadhini wageni wanalipa, basi kipande chake kinunue boya, na kila boti ya watalii ionyeshe imefunga wapi kama mie ninavyoonyesha leseni yangu kila nikisimamishwa.

Skurubu za Wafaransa hatuzihitaji, kwetu penye mchanga kati ya mwamba na mwamba gogo la saruji linatosha, ila kile kiboya cha katikati cha kuinua kamba kisisahaulike, nimejaribu na dumu la lita tano tupu na linafanya kazi, liko pale kwenye kidau changu tokea mwezi wa kumi na kamba haijagusa chini. Mie na wenzangu wawili tunazama bila malipo kuyafunga. Tunachokosa ni saruji na kamba ya maana, ya kwetu ya kuunganisha unganisha haihimili boti la injini mbili kusi likianza.

Wasalaam,
Mvuvi wa madema, Pemba